Ama Ardhi, Ama Kamba

Watu wakisikia kwamba nilifundisha fizikia Sumbawanga katika miaka ya Ujamaa, huniuliza kuhusu uhaba wa vitabu, maabara isiyo na gesi na baridi ya mwezi wa saba. Huwa nawajibu kwa adabu. Ninachotaka kuwaambia hasa ni kwamba nina hasira, nimekuwa nayo tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, na chanzo chake ni kamba ya katani pamoja na nadharia ya uhusianifu. Wakisikia hivyo hucheka. Basi wacheke, mimi nitasimulia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi. Operesheni ya vijiji ilipopita, tuliacha nyumba yetu ya zamani tukapangwa katika kijiji kipya kando ya barabara ya kwenda Namanyere. Likaanzishwa shamba la kijiji, na mkutano ukamchagua baba kuwa msimamizi wake. Hakuwa msemaji. Hakuwa na cheo chochote. Walimchagua kwa sababu kila sikukuu ng'ombe alipochinjwa, yeye ndiye aliyegawa mafungu ya nyama, na hakuna aliyewahi kuligeuza fungu lake kutazama amepunjwa nini. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo baba, jina lisilo na doa. Msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililochukuliwa.

Sasa, mtu asiyetoka Ufipa hawezi kulielewa kosa lililofanyika bila kujua tunavyolima. Kwetu shamba haliandaliwi kiangazi. Tunasubiri mvua zikolee, nyasi zifike kiunoni na udongo ulainike, ndipo tunazikata kwa jembe na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo tunayoyaita intumba. Nyasi zinaoza humo na kuwa mbolea. Juu yake tunapanda maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza, mnamo mwezi wa kumi na moja, tunayabomoa matuta yale, tunayatawanya, kisha tunasia ulezi. Kwa hiyo shamba la kijiji lilipimwa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, ili kina mama waanze kupiga intumba.

Aliyepima alikuwa Bwana Shamba, kijana wa mikoa ya mbali, ambako nadhani watu hupima mashamba jua likiwaka. Alikuja na kamba ya katani yenye fundo kila mwisho, na akatutangazia kwamba hiyo ni kamba ya serikali. Iliburutwa kwenye nyasi zilizolowa tangu asubuhi hadi alasiri, siku tatu mfululizo. Shamba likawa na upana wa kamba arobaini. Vigingi vikachomekwa. Kigingi cha mwisho upande wa magharibi ndicho kilichotenga shamba la kijiji na shamba letu la familia. Bwana Shamba akaandika arobaini kwenye daftari lake akaondoka.

Wakati huo mimi nilikuwa shuleni mjini, nimelewa kitabu. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimekipata kitabu cha nadharia ya uhusianifu, na kila jioni nilikisoma kama watu wengine wanavyosali. Kiliniambia kwamba saa iendayo kasi huchelewa, kwamba fimbo iendayo kasi hufupika, na kwamba karibu na kitu kizito kama jua, anga lenyewe limepinda. Mtoto wa mkulima wa intumba kujua mambo hayo! Kichwa kilivimba. Nilipita sokoni nikiwaona watu wanapima unga kwa kopo, nikawahurumia.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mwingine wa fizikia, mtu mzima kunishinda kwa miaka kama ishirini, mtu wa kule ziwani Kabwe. Naye alikisoma kitabu hichohicho zamani, akakikataa nusu. Alikuwa na madaftari manne aliyoyajaza hesabu zake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa hivi. Anga halipindi. Anga ni tambarare, limetulia, halina habari na sisi. Kinachobadilika ni vipimo vyetu. Fimbo ikipita angani kwa kasi, yenyewe inabanwa na kufupika. Saa inachelewa kwa sababu chombo chenyewe kinafanya kazi kwa shida. Karibu na jua mwanga unakwenda polepole, kama mtu aliyeingia kwenye tope, ndiyo maana njia yake inakunjika.

"Lakini ukipima kwa fimbo kutoka pembeni kuelekea kwenye jua, fimbo zinaingia nyingi kuliko zinavyotakiwa," nilimwambia siku moja mbele ya walimu wenzetu. "Anga limepinda, mwalimu. Vipimo vinasema."

"Zinaingia nyingi kwa sababu zimefupika," akanijibu. "Hesabu yangu na ya kitabu chako zinatoa jibu moja. Tofauti ni nani unamlaumu, ardhi au kamba."

Aliyasema maneno hayo hasa, ardhi au kamba, kwa sababu alikuwa mwalimu mzuri na alipenda mifano ya mikononi. Mimi nikamuuliza mbele ya watu, "Basi tuletee fimbo moja isiyofupika, tuone." Hakuwa nayo. Hakuna aliye nayo, kwa maana kama kila fimbo na kila saa na kila jicho vinabanwa pamoja, utapimia nini? Walimu wakaangua kicheko. Tangu hapo wakawa wanamwita Mzee Tambarare, na jina hilo nililianzisha mimi. Ndiyo, mimi. Nikisema nina hasira msidhani najiweka kando.

Mwezi wa saba shule ilifungwa, nikaenda nyumbani. Huo ndio wakati wa upepo mkali Ufipa, nyasi zimekauka, vumbi linaingia hadi kwenye chungu. Bwana Shamba naye akarudi kuhakiki mashamba. Akaifungua kamba yake ileile, ambayo sasa ilikuwa imening'inia juani na kwenye upepo miezi miwili mitatu, kavu kabisa, akapima. Ikatoka thelathini na nane.

Akarudia. Thelathini na nane.

Hakujiuliza swali hata moja. Alitazama upande wa magharibi, akaona shamba letu, akaona kigingi, akapata mwizi. Kesho yake asubuhi ukaitishwa mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Baba alisimamishwa katikati amevaa koti lake la kanisani, maana aliambiwa tu kwamba kuna jambo la shamba, akadhani anakwenda kupongezwa kwa jinsi intumba zilivyopigwa vizuri. Kila nikilikumbuka lile koti nataka kuvunja kitu.

"Ndugu msimamizi," Bwana Shamba akasema, "mwezi wa tatu shamba la wananchi lilikuwa kamba arobaini. Leo ni thelathini na nane. Kamba mbili za wananchi zimekwenda wapi?"

Baba akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Hazijaenda popote," akasema. "Ardhi iko pale pale. Kamba ndiyo imerefuka. Siku zile ilikuwa imelowa."

Watu wakacheka, si kwa sababu hawakuelewa. Hilo ndilo lililonichukua miaka kulimeza. Pale mkutanoni hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa hajui kwamba katani ikilowa inajikaza na kufupika. Kila mwenye mbuzi alijua. Kila mama aliyeanika nguo kwenye kamba ya katani alijua. Walicheka kwa sababu iliyosingiziwa ilikuwa kamba ya serikali, na serikali ilikuwa imesimama pale na daftari mkononi. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tunavyosema, na siku ile kijiji kizima kilipisha, kikamwacha baba yangu peke yake katikati ya njia.

Niseme haki. Mama mmoja alisimama, jirani yetu, mikono bado ina udongo. "Intumba zangu nilizipiga mwenyewe," akasema. "Ya mwisho ilikuwa kwenye kigingi, na leo iko kwenye kigingi. Angehamisha kigingi, angeibeba na intumba?"

Hoja ile ilitosha. Matuta yale yalikuwa mazito, yameota maharage, yamekaa pale tangu mwezi wa tatu. Ungeweza kuyahesabu mstari kwa mstari ukajua kila kitu bila kamba yoyote. Lakini Bwana Shamba alitabasamu tabasamu la mtu aliyesoma. "Mama, tuta si kipimo. Kipimo ni kamba." Kisha akaniona mimi nimesimama nyuma na gauni la mjini. Alikuwa ameambiwa habari zangu. "Tena tunaye mtaalamu hapa. Mwalimu wetu wa sayansi. Mwalimu, karibu mbele. Wewe utueleze kitaalamu, bila upendeleo. Urefu wa shamba ni ule wa kamba, au kuna urefu mwingine?"

Nikaenda mbele. Njia ikafunguka, watu wananipisha. Nataka niseme kwamba niliogopa, na ni kweli niliogopa, maana mwalimu ni mtumishi wa serikali na anaweza kujikuta amehamishiwa asikokujua. Lakini hofu ilikuwa robo tu. Robo tatu zilikuwa raha. Mtu wa serikali ameniita mtaalamu mbele ya wazee walionijua nikiwa na kamasi.

"Ndugu Bwana Shamba," nikasema, kwa sauti niliyoitumia darasani, "kisayansi hakuna urefu uliojificha nyuma ya kipimo. Urefu ni kile ambacho kipimo kinasema. Kipimo kikisema thelathini na nane, ni thelathini na nane."

Wakapiga makofi. Baba hakunitazama. Aliitazama mikono yake.

Na hata kitabu chenyewe hakikusema hivyo! Kitabu kilichonifundisha kwamba fimbo mbili zinaweza kutofautiana kilinitaka kwanza niulize kila fimbo iko katika hali gani. Mimi nilikibeba kipande cha sentensi, kipande kinachong'aa, nikakitupa kwenye mkutano wa kijiji kama jiwe, kikampiga baba yangu. Kule angani swali la Mzee Tambarare halina jibu kwa sababu kila kitu kinafupika kwa pamoja. Pale kijijini jibu lilikuwa limeota maharage mbele ya macho yetu. Sikuhitaji darubini, nilihitaji kugeuza shingo.

Uamuzi ulitolewa kabla jua halijafika utosini. Baba akavuliwa usimamizi. Kigingi kikasogezwa kamba mbili ndani ya shamba letu, kikachukua na mistari ya intumba aliyoipiga mama yangu. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa amekula mafungu ya baba miaka yote bila kuyageuza, akasoma jina lake kwa sauti katika orodha ya wanyonyaji. Neno hilo siku zile halikuwa la mchezo. Mtu aliweza kulibeba hadi kaburini, na watoto wake wakalirithi.

Nilirudi Sumbawanga kabla likizo haijaisha. Nilisema nina kazi ya kusahihisha.

Mwezi wa kumi na moja, siku mvua za kwanza zilipoanguka mjini, nilikuwa nimejikinga kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye lori. Lori lake lilikuwa limepakiwa magunia ya mahindi, limefungwa kamba za katani, tayari kwa safari. Matone yalipoanza tu, mzee yule akatoka mbio na kanzu yake, akapanda gurudumu, akaanza kulegeza mafundo.

"Shikamoo, mzee. Si ndiyo wakati wa kukaza?" nikamuuliza.

"Marahaba, mwalimu. Ukikaza sasa zikilowa zitapasua magunia. Kamba ya katani ikinywa maji inajivuta. Hata mtoto anajua."

Nililowa hadi kufika nyumbani kwa Mzee Tambarare. Nilikuwa nalia, au labda ilikuwa mvua, kwa vyovyote alinipa taulo. Nikamweleza yote, kamba arobaini, thelathini na nane, na nilichosema mbele ya watu. Nikayamwaga kama mtu aliyegundua jambo jipya. "Kamba ilifupika mwezi wa tatu!" nikasema. "Shamba halikupungua. Ni kamba!"

Angeweza kunicheka, haki alikuwa nayo. "Nyumbani kwenu hamfugi mbuzi?" akauliza.

Nikamwomba futi ya chuma ya maabara, ile ndefu ya kuviringisha, na ahadi ya kunishikia vipindi vyangu wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Akanipa vyote viwili. Akanipa na ndoo.

Nilifika kijijini mwezi wa kumi na mbili nikiwa nimejiandaa kama mwanasheria. Nilikuwa na futi ya chuma, ndoo, na kamba mpya ya katani niliyonunua kwa yule mzee wa lori. Nilikusudia kuilowesha mbele ya mkutano, kuipima, kuianika, kuipima tena, halafu kwenda kuhesabu intumba mstari kwa mstari hadi mahali kigingi cha kwanza kilipokuwa. Nilikwenda shambani kwanza.

Hakukuwa na intumba. Mvua zilikuwa zimeanza, na watu walikuwa wamefanya kile ambacho watu wa Ufipa hufanya kila mwaka. Walikuwa wamebomoa matuta yote, wakayatawanya, wakasia ulezi. Shamba lilikuwa sawasawa kutoka mwisho hadi mwisho, ulezi umechipua, huwezi kujua mstari wa nani ulikuwa wapi. Hakuna aliyeficha ushahidi. Msimu tu umepita, na mimi miezi minne nilikuwa Sumbawanga nikisahihisha.

Nikaenda kwa mwenyekiti na ndoo yangu hivyohivyo. Aliitazama futi ya chuma, akatazama ndoo, akashusha pumzi. "Mwalimu," akasema, "Bwana Shamba amehamishwa. Kamba ameondoka nayo. Karatasi ilishakwenda juu. Wewe mwenyewe ulituthibitishia. Sasa unataka twende tukawaambie nini, kwamba mtaalamu amebadilisha utaalamu?"

"Nilikosea."

"Basi umekosea. Kunywa togwa, ukamsalimie baba yako."

Hakuwa hata mtu mbaya, na hilo linanikera zaidi. Sikukuu ya mwezi ule ng'ombe alichinjwa kama kawaida. Mafungu yaligawiwa na mtu mwingine, na niliona kwa macho yangu watu wakigeuza nyama zao, wakipima kwa mkono, wakinung'unika. Baba alikaa nyumbani. Fungu letu lililetwa na jirani.

Siku ya pili nilimkuta baba amesimama ukingoni mwa shamba, kwenye mpaka mpya, akipalilia kipande kilichobaki. Nikamwamkia. Nikaweka ndoo chini. Nilikuwa nimeyatunga maneno njia nzima ndani ya basi, juu ya fimbo na jua na anga tambarare, juu ya mwalimu wa Kabwe na madaftari yake, nikitaka kumwambia kwamba wako watu duniani wanaosema kama yeye, tena kwa hesabu ndefu. Yote yakanitoka kichwani.

"Baba, ulisema kweli. Ni kamba."

"Najua," akasema. Akaendelea kupalilia. Kisha akasimama, akaegemea mpini wa jembe. "Usiumie, mama. Nimekwishaongea na watu. Wapo waliokusema vibaya, nimewanyamazisha. Nimewaambia huyu mtoto alikwenda bweni kwa masista akiwa mdogo, amekulia mjini kwenye vitabu. Hajawahi kufunga mbuzi. Kamba ataijulia wapi? Mtu halaumiwi kwa asichokijua."

Akaniangalia, akingoja.

Kila likizo tangu nina miaka saba, mbuzi wa baba niliwafunga mimi. Nilikuwa na miaka tisa siku niliyomfunga beberu kwa kamba fupi asubuhi ya mawingu, mvua ikanyesha, kamba ikajivuta, tukamkuta ulimi nje. Baba ndiye aliyeikata. Ndiye aliyeshika mikono yangu miwili akanionyesha jinsi ya kuacha nafasi kwa ajili ya mvua. Hakunipiga hata kibao. Alisema tu kwamba sasa nimejua, na sitasahau.

Nilipoitwa mbele ya mkutano ule nilijua. Nilijua kabla Bwana Shamba hajamaliza kuuliza. Na baba alijua kwamba nilijua, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Mtu aliyesomewa jina kwa kosa la kuwadanganya wananchi alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akisema uongo, na sidhani kama alikuwa amewahi kusema mwingine maishani mwake.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Sikujua."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye palizi yake.